Siku Tatu kwenye Simu, Saa Mbili Kisimani

Mbukwenyi! Asanteni kwa kunialika, vijana wangu. Mmeniomba nizungumzie utafutaji wa hitilafu, nami nitaanzia kisimani.

Kilikuwa kisima kirefu cha kijiji kimoja wilayani Bahi, pampu iko chini, mota ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme. Kila ikikaribia saa sita mchana, pampu inazima. Mnaijua Dodoma yetu: mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Pampu ikilala, akina mama wanarudi na ndoo tupu.

Siku tatu tulihangaika nayo kwa simu. Mimi wa umeme niko mjini, fundi pampu yuko Manyoni, na kijana mmoja kule kijijini anatutumia picha za paneli ya umeme ya pampu. Nikasema ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, imechoka, ibadilishwe. Ikabadilishwa, pampu ikazima vilevile. Mwenzangu akasema ni mchanga, pampu ivutwe juu, na kuvuta pampu ni kazi ya kutwa, bomba moja baada ya jingine. Kila mmoja wetu aliona ugonjwa wa fani yake.

Siku ya nne tukaenda wote. Hatujagusa hata nati, mama anayetunza funguo za kibanda akatuuliza: "Kwani hamjui inazima wakiwasha mashine ya kusaga?"

Siku zote tatu hakuna aliyekuwa amefikiria kumpigia mama yule. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nikashika mita, mwenzangu akakimbia kumwomba mwenye mashine aiwashe. Ilipoanza kunguruma, fezi mbili zikabaki karibu na volti 230, ya tatu ikaporomoka hadi 190. Sasa, mota ya fezi tatu haivumilii hilo: volti zikipishana kidogo, mkondo unapishana kwa kiasi kikubwa zaidi, koili zinachemka. Ovalodi niliyoilaumu ndiyo iliyokuwa ikiiokoa mota! Kiungo cha waya kwenye nguzo inayolisha kisima na mashine kilikuwa kimelegea. Na zile picha? Zilikuwa sahihi kabisa, ila zote zilipigwa asubuhi, kabla watu hawajapeleka mtama mashineni.

Mtaniuliza, je, kama haiwezekani kufika? Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipasuka kwenye chombo cha Apollo 13, watu watatu wakiwa njiani kwenda mwezini. Wakahamia chombo kidogo cha kutulia mwezini, hewa chafu ikaanza kujaa. Vichujio vya akiba vilikuwa vya mraba, mahali pa kuvipachika ni pa duara. Wahandisi waliokuwa wakiongoza safari kutoka Houston, Marekani, wasingeweza kwenda huko. Lakini walikusanya mezani vitu vilevile walivyokuwa navyo wanaanga, mifuko ya plastiki, kadibodi, mipira ya kupitishia hewa ya suti, utepe wa gundi, wakaunda kiungio kwa mikono yao. Baadaye ndipo wakawasomea wenzao kwa redio, hatua kwa hatua. Redio ilipeleka jibu. Jibu lenyewe lilizaliwa mezani.

Mimi bado natumia simu, tena sana. Ila siku hizi nikiitwa kwenye kisima, kabla sijaomba picha yoyote nauliza funguo za kibanda anazo nani, na kama atakuwepo nikifika.