Mzamiaji wa Jeju Asichongwe Mikono Mitupu

Jamani, nimelisema hili kila nilipopewa jukwaa, na leo nalirudia: sanamu ya haenyeo isichongwe mikono mitupu. Hawa wanawake wazamiaji wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, mnawajua. Sina haja ya kuanza na UNESCO kuutambua utamaduni wao kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016. Sanamu zao za jiwe jeusi la volkano ziko nyingi pwani ya kule, na nyingine ni nzuri kwelikweli. Lakini nyingine ni kisichana cha kiuno chembamba kinachotazama bahari, hakina hata chombo kimoja. Huyo ni nani?

Mtazameni mzamiaji mwenyewe. Ameshika bitchang, bapa la chuma la kubandulia konokono mwambani, na kitanzi chake amekivaa mkononi. Konokono akilibana lile chuma, kitanzi kinamzuia mama chini, naye hana mtungi wa hewa, ana pumzi aliyoivuta juu tu. Asipouchomoa mkono upesi, anakufa. Kazi yote imo katika mkono ule, halafu mchongaji anauacha mtupu!

Na ni vyombo hivyohivyo walivyovibeba Januari 1932, Korea ikiwa koloni la Japani. Chama cha wavuvi, chini ya gavana Mjapani wa kisiwa, kilikuwa kikiwanyonya kwa bei ya kutupa. Siku ya soko pale Sehwa wakaja kwa mamia, wakalizingira gari la gavana mpaka akaahidi kutimiza madai yao. Halafu? Polisi wakaanza kamatakamata. Viongozi wao, Bu Chun-hwa, Kim Ok-ryeon na Bu Deok-ryang, wakatiwa ndani.

Najua yupo atakayeniambia sanamu ni sanaa, si somo la historia. Mbona basi jenerali hachongwi bila upanga wake? Upanga ni sanaa, bitchang ni uchafu?

Kisha kuna umri. Wengi wa waliobaki wamepita miaka 60, na wapo wa 80 ambao bado wanazama. Mchongeni bibi, na makunyanzi yake yote.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Bulteok, ule ua wa mawe wanamoota moto na kupangia kazi, na Seolmundae Halmang, bibi jitu aliyekiumba kisiwa kwa udongo aliobeba kwenye sketi, mtaniuliza kwenye maswali. Wachongaji mliomo humu, nyie msiondoke kabla hatujazungumza.