Mtoto wa Paka Amelegea Ghafla: Joto Kwanza, Sukari Pili, Maziwa Baadaye Sana

Karibuni tena. Leo soga itasubiri, maana huenda aliyefungua video hii ana kichanga baridi mkononi sasa hivi. Kama ni wewe, mfunge kwa taulo kavu, uache uso tu nje, umlaze juu ya chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, halafu urudi kusikiliza. Maziwa usimpe. Haya, tuanze.

Huyu mnayemwona mezani ni soksi niliyoijaza pamba. Kichanga anayepigania roho si wa kushikwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kamera. Soksi inatosha, na haina makucha.

Tunazungumzia paka wa siku moja hadi wiki nne hivi, hasa yule unayemlea kwa chupa kwa sababu mama hayupo. Asubuhi alinyonya vizuri, jioni ukimwinua ananing'inia kama tambara. Mdomo wa baridi, nyayo za baridi. Fizi zimepauka wakati zilitakiwa kuwa za waridi. Wengine wanalia kilio kirefu kisichokatika, wengine wako kimya kabisa, na wengine wanapanua mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Huyo wa kupanua mdomo hali yake ni mbaya zaidi: mtu mwingine nyumbani ampigie daktari wa mifugo simu wakati wewe unafunga taulo.

Chanzo kinaweza kuwa maambukizi, minyoo, viroboto waliommaliza damu, au kasoro ya kuzaliwa. Hapo mezani hutajua, na wala si kazi yako kwa sasa. Unachopambana nacho ni vitu viwili vinavyomuua kabla chanzo hakijafahamika: joto limeshuka na sukari ya mwilini imekwisha. Kichanga wa wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka ili ajipashe joto, na akiba yake ya sukari ni kidogo mno. Akipoa anashindwa kunyonya, asiponyonya anaishiwa nguvu, akiishiwa nguvu anapoa zaidi. Mzunguko ndio huo.

Vifaa: taulo ndogo mbili kavu, chupa mbili za maji ya moto, kipimajoto cha dijitali, mafuta ya kupakaa kidogo, sukari ya kawaida, na bomba la sindano la mililita 1, bila sindano yenyewe. Na simu yenye kengele.

Pima joto kabla ya kumfunga. Paka ncha ya kipimajoto mafuta, ingiza njia ya haja kubwa kidogo tu, isizidi sentimita 1, subiri kilie. Wiki ya kwanza joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 35 na 37, kisha linapanda taratibu hadi karibu 38 akifika wiki ya nne au ya tano. Likiwa chini ya 34.5, utumbo umeanza kusimama. Shika namba hiyo, tutairudia. Kama huna kipimajoto usipoteze muda kukitafuta. Mguse ndani ya mdomo kwa kidole: pakiwa baridi, ni baridi.

Sasa taulo. Kama amelowa mkojo au maziwa, mkaushe kwanza kwa kumgusagusa, usimsugue. Mlaze kifudifudi, kunja upande huu, kunja ule, mkia ufunikwe, uso nje. Ni kama kukunja sambusa iliyoachwa wazi kwenye ncha moja. Chupa ijaze maji ya moto ya bomba, yasiwe yaliyochemka, kaza kifuniko, izungushie taulo ya pili, umlaze juu yake. Weka ndani ya mkono wako juu ya hiyo taulo uhesabu hadi 30. Ukitaka kuuondoa, ni moto mno kwake, maana yeye hana nguvu ya kujivuta pembeni.

Ngoja. Ngoja kidogo. Mnaona hapa? Chupa inavuja kifunikoni, taulo imelowa. Sitakata kipande hiki, acha mkione. Taulo iliyolowa inanyonya joto la kichanga kuliko hata meza tupu. Ikitokea, badilisha taulo papo hapo, usijiambie itakauka. Na kifuniko jaribu juu ya sinki, si juu ya paka kama nilivyofanya sasa hivi na soksi yangu maskini.

Haya, taulo mpya. Chupa ikipoa nayo inageuka adui, inaanza kumvuta joto, ndiyo maana ziko mbili za kupokezana. Pedi ya umeme pia inafaa ikiwekwa kwenye kiwango cha chini kabisa, ila nyingi hujizima zenyewe baada ya muda fulani bila kukuaga. Mimi napendelea chupa: ikipoa mkono unajua.

Msiharakishe. Kumpasha joto kuchukue saa 1 hadi 3. Mashine ya kukaushia nywele, hapana. Maji ya vuguvugu ya kumtumbukiza, hapana. Ukimpasha haraka mishipa ya ngozini inafunguka ghafla, damu inakimbilia nje, na moyo na ubongo vinabaki bila damu ya kutosha. Kama ana viroboto, wachomoe kwa kitana wale wa usoni tu. Kuoga kungoje apate joto. Dawa za viroboto za paka wakubwa hazimhusu kabisa, na yenye permethrini ni sumu hata kwa paka mkubwa.

Sukari. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya moto, koroga hadi iyeyuke yote, acha ipoe iwe vuguvugu. Vuta kwenye bomba. Matone 3 kila baada ya dakika 3. Sasa tazameni mkono wangu: tone la kwanza linakwenda kwenye fizi, pembeni ya mdomo, halafu nasugua kwa ncha ya kidole. Siendi katikati ya ulimi, siendi kooni. La pili... aa, hapana. Mmeona? Limetoka kubwa, karibu robo ya bomba. Soksi imelowa shavu zima. Angekuwa kichanga asiyemeza, hiyo ingeingia mapafuni. Bomba jipya husukumwa kwa kukwama kisha linaruka, kwa hiyo lilainishe kwanza kwa kuvuta na kusukuma maji mara tano sita. Na tone lipimwe nje ya mdomo: litoe lining'inie kwenye ncha, ndipo ulifikishe kwenye fizi.

Kama hamezi kabisa, usidondoshe chochote. Chovya kidole, upake fizi tu, basi. Fizi zenyewe hunyonya kidogo.

Weka kengele ya dakika 3, maana dakika 3 za mtu mwenye hofu huwa dakika 1. Endelea hivyo kwa dakika 20 bila kukata tamaa. Na katika dakika hizo mkono utakuwasha kufungua taulo uone kama bado anapumua. Usifungue! Kila ukifungua, joto la nusu saa linaondoka. Tazama pua na mbavu juu ya taulo. Ukitaka kupima tena, inua kona ya upande wa mkia peke yake, na iwe kila nusu saa.

Sasa maziwa. Najua umeshayachanganya. Yaweke chini. Kichanga aliye chini ya nyuzi 34.5 hana utumbo unaofanya kazi: maziwa yanakaa tumboni, yanachacha, tumbo linajaa, au yanarudi juu na kuingia kwenye mapafu. Atafungua mdomo, atakusihi kwa kilio, na wewe utamhurumia. Usimpe. Hata mililita moja, usimpe. Wengi wanaompoteza dakika ya mwisho wanampotezea hapa, kwa huruma.

Dalili za kurudi ni hizi: fizi zinaanza kuwa waridi, anageuza kichwa kutafuta chuchu, miguu inasukuma taulo, kilio kinabadilika kutoka maombolezo kuwa malalamiko. Hicho cha malalamiko nacho ni kizuri kusikia, acha atutukane tu. Joto likifika 36 hivi na anameza vizuri, anza na mililita 1 au 2 za maziwa maalumu ya watoto wa paka, yakiwa vuguvugu. Ya ng'ombe yatamharisha. Alale kifudifudi, kichwa juu kidogo, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu. Tumbo lake hubeba kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kwa hiyo hata akinyonya kwa pupa, mlo mzima usivuke hapo. Maziwa yakitoka puani, simama, mwinamishe kichwa chini, umfute, na hilo mwambie daktari.

Kwa daktari mnakwenda hata akiamka, maana chanzo bado kiko palepale. Safari aende kwenye taulo na chupa yake, ndani ya boksi. Usingoje aamke kama baada ya saa 1 joto halijapanda, ana degedege, anatokwa damu, au anapumua kwa mdomo. Dawa za binadamu zikae kabatini: paracetamol inaua paka. Andika kwenye karatasi joto la kwanza, saa ulizompa sukari, mara ya mwisho kunyonya na kujisaidia, na uzito. Wapo wasioamka hata ukifanya yote sawasawa, na daktari anaposoma karatasi hiyo anaweza kuwaokoa ndugu zake waliobaki kwenye boksi.

Hao ndugu wapime leo hii kwa mizani ya jikoni, kisha kila siku saa ileile. Kichanga mzima huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Aliyesimama palepale siku nzima, mwangalie kwa karibu. Aliyepungua, asingoje kesho.

Huyu wa kwetu usiku wa leo atakula kidogo kidogo kila saa 2, na chupa itabadilishwa kila ikipoa. Wekeni kengele zote sasa hivi. Ile ya saa nane usiku iwekeni mbali na kitanda, mtu alazimike kuinuka kuizima.