Saa ya mjomba: iuzwe au ibaki?

HAMISI: Assalamu aleikum wasikilizaji, tuko hapahapa Tanga. Leo nimeandaa mambo matano ya kuangalia kabla hujanunua saa ya gharama. Lakini Da Zuhura kaja amenuna, na sababu naijua.

ZUHURA: Waaleikum salaam. Mirathi, kaka. Wiki hii tulikaa Makorora kugawa vitu vya mjomba. Nyumba ikaisha, cherehani ikaisha, ikatoka saa. Kikao kikasimama.

HAMISI: Ile Omega?

ZUHURA: Seamaster ya chuma. Dhahabu hakuvaa, unamjua. Mjane wake anaitia ufunguo kila alfajiri ili isilale. Sasa kijana mmoja kaishika, kaangalia simu, kasema mbovu hii, imekosea saa sita nzima!

HAMISI: Haikukosea.

ZUHURA: Haikukosea hata dakika! Mjomba aliitega Kiswahili. Adhana ya magharibi, akrabu fupi iko kwenye kumi na mbili au imeipita kidogo. Saa moja usiku, akrabu fupi iko kwenye moja. Sisi wengine tunatazama saba, tunasema moja.

HAMISI: Babu yangu wa Pangani naye alikuwa hivyohivyo. Lakini ngoja. Mjomba alikuwa karani shamba la mkonge, meneja Mgiriki. Akiambiwa njoo saa nane, ilikuwa nane ipi?

ZUHURA: Alikuwa na hesabu mbili kichwani. Barua za ofisi aliandika saa ya Kizungu, mkononi akabaki na yake.

HAMISI: Kumbe ndiyo maana kwenye harusi yako alifika wa kwanza!

ZUHURA: Alifika wa kwanza kwa sababu alikuwa mtu wa kuheshimu wakati, Hamisi. Sasa kuna mnunuzi kutoka Dar anaitaka. Atakachofanya kwanza ni kuirudisha saa ya Kizungu, kisha aipige polishi.

HAMISI: Polishi hapana, hapo niko nawe. Wanaokusanya saa wanataka kingo za kiwandani, ukizisugua umeshusha bei. Ila kuuzwa, iuzwe.

ZUHURA: Kwa nini?

HAMISI: Kwa sababu saa haikatwi vipande. Mjane ana thumni yake, fungu moja katika nane, wanawe wana mafungu yao. Haki ya mtu ni haki ya mtu.

ZUHURA: Warithi wakiridhiana, mmoja anaichukua kwenye fungu lake.

HAMISI: Kwa bei ya nani? Ya mnunuzi? Basi atakayeichukua anapunjika kwenye nyumba kwa sababu ya kumbukumbu. Na bei zenyewe hazitulii. Mwaka 2021 saa za kifahari zilipaa, watu wakasema hii ni hazina kuliko kiwanja. Mwaka 2022 zikaanza kuporomoka.

ZUHURA: Mimi sisemi hazina. Nasema saa ya ufunguo inatengenezeka. Seiko walipotoa Astron ya betri, Desemba 1969, iliuzwa karibu bei ya gari dogo jipya. Leo ya namna hiyo ikifa sakiti, fundi atafanya nini? Ya mjomba ni magurudumu na springi, mtu anaifungua mezani, anasafisha, anatia mafuta, inaendelea. Mjukuu ataivaa.

HAMISI: Na gharama za fundi kila baada ya miaka michache atalipa nani?

ZUHURA: Atakayevaa! Hamisi, Paul Newman, yule mwigizaji wa Marekani, alimuuliza kijana aliyekuwa na binti yake saa ngapi, kijana hajui, hana saa. Akamvulia Rolex yake. Hiyo ilikuwa 1984. Mwaka 2017 ikauzwa New York zaidi ya dola milioni 17. Nyuma ina maneno aliyochongesha mke wa Newman, kumwambia mumewe aendeshe gari kwa uangalifu. Kilichonunuliwa pale ni nini kama si mtu mwenyewe?

HAMISI: Jina la Newman limenunuliwa. Na tazama, waliuza! Hawakuiweka kabatini. Jina la mjomba wetu, Mungu amrehemu, New York halijui mtu.

ZUHURA: Makorora linajulikana.

HAMISI: Makorora hawana hela ya kumlipa mjane.

ZUHURA: Mjane hajaomba hela! Anaomba asikie inagonga.

HAMISI: Hajaomba kwa sababu hajaulizwa mbele ya watu. Mimi sikubali.

ZUHURA: Nami sikubali.

HAMISI: Haya, fundi mitambo ananionyesha vidole, dakika mbili zimebaki.

ZUHURA: Kwa Kiswahili au Kizungu?

HAMISI: Dakika ni zilezile! Yale mambo matano hatuyafikii. Nichukue moja: kabla hujanunua, muulize fundi kama vipuri vinapatikana. Mengine wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo sijui. Kikao kingine ni Jumamosi baada ya alasiri.

HAMISI: Nitakuja.

ZUHURA: Njoo, chai ipo. Ila wewe si mrithi, kaa barazani.