Simu Moja, Spika Moja: Mwalimu wa Muziki Akiwa BTP

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Rehema, na hapa pembeni yuko Baraka, ambaye siku hizi anatembea na mfuko umejaa nyaya. Sijui kahamia ufundi redio.

BARAKA: Shikamoo dada. Cheka tu. BTP imenifanya niuheshimu waya.

REHEMA: Marahaba. Waeleze kwanza BTP ni nini, tuna watu wa Mombasa na Kisumu wanatusikiliza.

BARAKA: Ni mazoezi ya kufundisha. Chuo kinakupeleka shuleni, unapewa darasa la kweli, halafu siku moja mkufunzi anakuja kukaa nyuma na kalamu yake. Mimi somo langu ni muziki, na kwenye shule ya msingi muziki umo ndani ya Sanaa na Michezo, kwa mtaala huu wa Tanzania ulioanza kutumika 2024. Kwa hiyo msifikirie chumba chenye piano. Fikirieni madawati, ubao, na watoto waliobanana.

REHEMA: Na TEHAMA inaingia wapi hapo? Maana nimesoma maandalio ya masomo ya vijana: "Zana: projekta, kompyuta, intaneti." Ukiuliza projekta iko wapi, iko ofisini kwa mwalimu mkuu, kabati limefungwa na ufunguo ameondoka nao.

BARAKA: Hiyo imeandikiwa mkaguzi, dada. Sisi wote tunajua. Kitu kilichopo kweli ni simu ya mwalimu na spika ya kuchaji. Watoto hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo yale masomo ya mtandaoni yanayosema "kila mwanafunzi afungue programu yake" unayaweka kando mapema.

REHEMA: Tuanze na spika basi. Kabla hatujawasha maiki ulikuwa unailalamikia Bluetooth.

BARAKA: Kwa kusikiliza tu, haina neno. Tatizo ni kupiga pamoja nayo. Chukua programu ya ngoma kwenye simu, mtoto aguse skrini, wenzake wapige makofi. Simu inaibana ile sauti, inaituma vipande vipande, spika inavikusanya kwanza ili muziki usikatike njiani, ndipo inatoa. Spika nyingi zinachelewa milisekunde 100 mpaka 200 hivi, nyingine zaidi.

REHEMA: Hiyo si ni kufumba na kufumbua?

BARAKA: Kwa kuongea, ndiyo. Kwa muziki piga hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Ligawe mara nne, unapata 125. Basi spika ikichelewa 150, lile pigo dogo zima limeshapita. Halafu sauti hewani inakwenda mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 150 ni mita 51. Ni kama mpiga ngoma kasimama katikati ya uwanja wa mpira na kwaya iko golini.

REHEMA: Subiri. Mimi natazama video kwa spika hiyohiyo na midomo inaenda sawa na maneno.

BARAKA: Kwa sababu simu inaichelewesha picha makusudi iisubiri sauti. Kidole cha mtoto hakuna wa kukichelewesha. Darasa linaonekana halijui kushika mapigo, mwalimu anaanza kugomba, kumbe watoto wako sawasawa. Unachomeka waya, ugomvi unaisha.

REHEMA: Hapo nimeelewa huo mfuko. Na kurekodi je? Kwaya yetu tunarekodiana WhatsApp kila Jumamosi.

BARAKA: Vifaa hivi vingi vilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Simu ikisikia sauti ndogo inaipandisha, ikisikia kubwa inaishusha, ili ujumbe wa shangazi usikike vizuri. Kwaya ikianza kwa kunong'ona na kumaliza kwa kishindo, kwenye ujumbe wa sauti inaweza kutoka ukubwa mmoja mwanzo hadi mwisho. Sasa mwalimu anayesahihisha kwa kusikiliza rekodi anaandika "hawakuonyesha hisia." Walionyesha! Simu imezisawazisha.

REHEMA: Ndiyo maana sauti ya nne wananuna nikiwarudishia rekodi.

BARAKA: Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho ya sauti, kisha weka simu mita mbili tatu mbele ya waimbaji, mbali na ngoma. Na vipindi vya mtandaoni ni balaa zaidi. Mtu ashike noti moja ndefu kwenye filimbi, programu ya mkutano inadhani ni feni au jenereta, inaifuta. Zoom ina mpangilio wa kuacha sauti ya asili. Hauwashwi wenyewe, lazima uutafute.

REHEMA: Haya, programu umezisema vya kutosha. Ipi imekusaidia?

BARAKA: Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti. Ya bure, ipo tangu 2000, na ukishaipakua haikuombi bando. Unapunguza mwendo wa wimbo bila sauti kushuka. Unachagua kipande cha sekunde nne kinajirudia mpaka watoto wakinase. Na kile kimya ndani ya wimbo, ambacho kukifundisha ni kazi kwelikweli kwa sababu kila mtoto anataka kukijaza, pale kwenye skrini kinaonekana: mstari umenyooka. Unageuza kompyuta, wanakuja kundi kwa kundi, wanaonyesha kwa kidole.

REHEMA: Hiyo naichukua. Sasa ile ya ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Wasikilizaji, hii ndiyo iliyotufanya tuandae kipindi.

BARAKA: Eeh. Mwalimu yeyote wa muziki leo ana programu ya kupimia sauti kwenye simu. Unapiga, inawasha kijani au nyekundu. Imepangwa kwa kipimo cha kinanda, A ni mitetemo 440 kwa sekunde, halafu oktavu imegawanywa sehemu 12 zilizo sawa. Sasa mletee ilimba ya Wagogo. Ile inafuata sauti za asili, zile zinazopanda zenyewe juu ya sauti moja ya chini. Ya tano katika mfululizo huo iko chini ya mi ya kinanda kwa senti 14. Ya saba iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa senti 31, na nusu hatua nzima, yaani kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, ni senti 100 tu! Programu inawaka nyekundu kwa chuma kilichowekwa sauti vizuri kabisa.

REHEMA: Kwa hiyo kwa simu hiyo hata Hukwe Zawose, yule bingwa wa ilimba, angeambiwa hajui.

BARAKA: Mtu aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ndiyo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo! Na mwanafunzi wa ualimu anaiamini taa, anataka kumrekebishia mzee ala yake.

REHEMA: Kwetu Unguja ni hivyohivyo. Kwenye taarab ya kanuni na udi, zile ala za nyuzi, ile wanayofundisha pale chuo cha muziki cha DCMA Mji Mkongwe, kuna sauti zinakaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Ukimfundisha mtoto kwa kinanda cha simu peke yake, sikio lake linazikataa baadaye, anasema mzee anaimba vibaya. Mimi hilo linaniuma kuliko projekta kukosekana.

BARAKA: Si lazima uitupe programu, lakini. Nyingi zinaonyesha namba ya mitetemo, siyo taa peke yake. Mzee anapiga, unaandika namba, chuma kwa chuma. Unarekodi kila kimoja. Hiyo orodha ndiyo inakuwa kipimo cha darasa, na ilimba nyingine zinawekwa sauti kuifuata.

REHEMA: Na nota? Kwaya zangu zinasoma do-re-mi. Kanisani kila mtu anapakua nota zake kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, anachapisha, maisha yanaendelea.

BARAKA: MuseScore, programu ya kuandikia nota, nayo ya bure. Yenyewe inataka mistari mitano, basi unaandika noti, halafu chini yake unaweka herufi za d, r, m pale panapokaa maneno ya wimbo. Unazima sauti nyingine zote unabakiza alto peke yake, unahifadhi, unawatumia.

REHEMA: Nimejaribu. Wanakuja wanaimba kama mashine, hakuna anayemsikiliza mwenzake.

BARAKA: Kwa hilo sina ubishi. Wape ya kujifunzia noti tu, mazoezini usiicheze.

REHEMA: Tumalizie na msikilizaji aliyeuliza anunue spika gani, anaanza BTP mwezi ujao.

BARAKA: Yoyote yenye tundu la waya. Aijaribu palepale dukani, agonge skrini huku anasikiliza. Muuzaji atamwambia siku hizi waya hautumiki.

REHEMA: Amjibu nini?

BARAKA: Ampe simu, amwambie apige ngoma.