Stata Husingiziwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuletewa gari ambalo ukipiga stata, injini inajikongoja nusu mzunguko, kisha inakwama. Nikaingia uvunguni, nikatoa stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini hadi iwake, nikafunga nyingine. Yaleyale. Nikafunga ya tatu. Yaleyale! Jioni, grisi imefika viwikoni, ndipo nikakumbuka mita ya kupimia umeme. Ncha moja nikaigusisha kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili kwenye chuma cha injini, nikamwomba mwenzangu apige stata. Ikasoma volti 4. Hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri. Zaidi ya robo volti hivi, ujue pana kasoro. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kutoka injini hadi hasi ya betri, ulikuwa umeoza ndani ya mpira wake, na kwa nje ukiutazama ni mzima. Stata zote tatu hazikuwa na kosa lolote.

Fanyeni hesabu nami. Stata ya injini ndogo hula ampea 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi. Ukinzani wa omu 0.02 tu, kitu ambacho hata mita ya kawaida haikipimi vizuri, ukipitiwa na ampea 200 unameza volti 4. Ndiyo maana taa zitawaka vizuri, redio itaimba, na stata itagoma. Taa hazidai ampea nyingi. Kwa hiyo waya wa stata upimwe huku stata inapigwa. Ukiupima umelala hautakwambia kitu.

Siku hizi natanguliza sikio. Ukisikia tak-tak-tak-tak za harakaharaka, ni betri hiyo, au vichwa vyake vimeota unga mweupe: solenoidi, ile swichi ya sumaku inayoipa stata umeme, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Tak moja nzito kisha kimya, shuku visahani vya shaba ndani ya solenoidi, au kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya stata, zimeisha. Stata ikilia wiii na injini imetulia tuli, bendeksi, yaani kigia cha stata kinachoshika meno ya injini, inateleza. Ikikwaruza, kagua bolti zake na meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini linalosukumwa na stata. Kimya kabisa? Usiguse stata bado. Angalia fyuzi, relei, swichi ya ufunguo, na kama gari ni otomatiki, jaribu kuliwasha gia ikiwa N, yaani huru.

Betri nayo ipimwe. Ikiwa imejaa na gari limezimwa, husoma kama volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, ichaji kwanza ndipo uendelee kutafuta mchawi.

Sasa tuseme umehakikisha stata ndiyo mbovu. Anza kutoa waya hasi wa betri, na huo ndio urudi mwisho. Spana ikiwa kwenye nati ya chanya na ikagusa bodi, huku hasi bado imeshikana, cheche zake hutazisahau. Weka stata mpya kando ya ya zamani: hesabu meno ya kigia, linganisha matundu ya bolti. Ukikuta vibati vyembamba kati ya stata na injini, vitunze, vina kazi. Ndivyo vinavyopanga nafasi ya meno. Pale stata inapokalia, piga brashi ya waya hadi chuma king'ae, maana kwenye magari mengi umeme hurudi kupitia mwili wa stata wenyewe. Bolti zianze kwa vidole. Na ile nati ya shaba ya solenoidi, jamani, msiikaze kama mnafunga gurudumu. Ukizungusha msumari wake umevuruga visahani vya ndani.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma... Ndiyo, nyundo! Nilikuwa naisubiri. Kuigonga stata husaidia kweli, kwa sababu kaboni iliyokwisha hukwama kwenye ala yake, na mtikisiko unaisogeza iguse tena. Lakini stata nyingi za kisasa zina sumaku za kudumu ndani, na sumaku hizo hupasuka. Ukilazimika, gonga polepole kwa mpini wa bisibisi, gari likiwaka nenda nalo moja kwa moja likafunguliwe, na usilizime njiani.