Land Rover ya zamani: kupata ufunguo na kitasa chake halisi

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Gari mnaloliona hapa ni Land Rover 109 Series IIA, toleo lililotengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1971. Swichi yake ya kuwashia injini imechoka: ufunguo unachomoka huku injini inanguruma. Wengi wakifika hapa huitupa swichi, wanafunga ya gari jingine, na gari linaishia na funguo tatu za maumbo tofauti. Usiitupe swichi yako. Hata ikiwa mbovu kabisa, ina namba tunayoihitaji.

Kwanza toa waya za betri. Chukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, safisha uso wa swichi kuzunguka tundu la ufunguo. Sogeza kamera hapa... mnaona? Herufi FS, kisha tarakimu tatu. Kama hazisomeki, sugua chaki juu yake halafu ufute kwa kidole. Chaki hubaki kwenye michongo na namba inajitokeza. Angalia na ufunguo wenyewe, kama ni ule uliokuja na gari. Na kitasa cha mlango kiangalie, ila usishangae kikiwa na namba nyingine. Kwa gari la zaidi ya miaka 50, kuna mtu alishabadilisha kitu.

Funguo za FS zilikuwa za Union, chapa ya vitasa ya Willenhall, mji wa Uingereza ambao kwa vizazi vingi umeishi kwa kutengeneza vitasa. Magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo, kama Mini na MG, yalitumia funguo hizohizo. Namba zinaanzia FS 876 hadi FS 955, basi. Ni mikato 80 tu, yaani maumbo 80 ya meno ya ufunguo! Ndiyo maana ukishaijua namba yako, kupata ufunguo sahihi si kazi ngumu. Lakini fikiria upande wa pili: mwizi mwenye shada la funguo 80 anafungua kila gari la aina hii. Kwa hiyo namba yako usiitangaze, na ukipiga picha ya swichi kuomba ushauri, ifunike. Mimi nimeongeza swichi ya kukata umeme wa betri, nimeificha chini ya kiti.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Hapa nawasihi sana: msimpe fundi ufunguo uliolika aunakili. Mashine inafuata meno inayoyaona, na ulikaji unahamia kwenye ufunguo mpya. Mwambie achonge kwa namba. Kama hana vipimo vya FS, agiza kwa wauza spea za magari ya zamani ya Kiingereza. Bado wanauza funguo zilizochongwa kwa namba zote 80. Nenda na kadi ya gari. Fundi mwaminifu ataiuliza, na akiiuliza, huyo ndiye wa kurudi kwake.

Jaribu ufunguo mpya kabla hujanunua swichi. Mara nyingi ugonjwa wote ni ufunguo tu.

Ukijaribu na bado inacheza, tafuta silinda, yaani kile kiduara cha katikati kinachopokea ufunguo. Ukiikuta ya zamani ambayo haijawahi kufungwa, linganisha namba ya usoni na iliyo kwenye ufunguo, zikitofautiana, iache. Kisha ingiza ufunguo taratibu mara kumi. Kila mara uhisi vibati vya ndani vikishuka kwa mpangilio uleule. Silinda mpya zinazotengenezwa siku hizi kwa mtindo wa zamani si haramu, mradi muuzaji akuambie ndivyo zilivyo na asikutoze bei ya kitu halisi. Na ukiagiza, agiza ya swichi na ya mlango kwa pamoja, zenye namba moja, ili ufunguo mmoja ufanye kazi zote.

Kuitoa ya zamani: ingiza ufunguo, zungusha kidogo. Kwenye mwili wa swichi tafuta kitundu chembamba. Penyeza waya mgumu, bonyeza kipini kilichomo, huku unavuta ufunguo kuja kwako. Isipotoka, rudisha, zungusha tena kidogo, jaribu upya. Usitumie nyundo, tafadhali! Mwili wa swichi hizi hupasuka.

Kabla ya kurudisha, usitie mafuta ndani. Mafuta yananasa vumbi, na barabara zetu mnazijua. Kwangua penseli upate unga wake mweusi, upake kwenye meno ya ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Rudisha silinda mpaka usikie kipini kinadaka, funga waya za betri, washa. Halafu, gari likiwa linanguruma, vuta ufunguo. Umegoma kutoka? Tumemaliza.