Sokwe Hakula Majani
(Mhadhara uliotolewa Tukuyu, Siku ya Tiba Asili ya Afrika, 31 Agosti)

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, mugonile.

Nimeombwa niseme kidogo juu ya mtugutu. Tawi hili nimelikata asubuhi kwenye ua wa jirani, kwa ruhusa yake. Lipitisheni. Anayetaka aonje jani, ila asije akanidai soda ya kuondolea uchungu.

Majina yake ni mengi. Bukoba wanauita mubilizi, na humu ukumbini kila kabila lina lake. Wataalamu wa mimea waliuita Vernonia amygdalina, siku hizi wengi wao wanauandika Gymnanthemum amygdalinum. Miti nayo huhamishwa vituo kama watumishi wa serikali.

Mimi si mganga. Nilikuwa tabibu wa zahanati, huku juu na kule Kyela, mpaka nikastaafu. Lakini mtugutu niliujua kabla sijajua kushika kalamu. Bibi mzaa mama alikuwa nao mmoja nyuma ya jiko. Mtoto akisumbuliwa na tumbo, au akidhaniwa ana minyoo, bibi alichuma majani machanga, akayafikicha kwenye maji ya baridi mpaka yakatoa povu la kijani, akachuja. Ulikunywa asubuhi, kikombe kidogo cha bati, kilekile siku zote. Siku ya pili, nusu yake. Siku ya tatu hakupi hata ukiomba. Na mjamzito hakumpa kabisa. Mimi nilidhani siku ya tatu alikuwa ananionea huruma.

Sasa twendeni Kigoma, kwenye milima ya Mahale, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Novemba 1987, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mhifadhi na mjuzi wa dawa za kwao, alikuwa porini na mtafiti Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Wanamfuatilia sokwe jike anayeitwa Chausiku. Chausiku siku hiyo mgonjwa: wenzake wanakula, yeye anajilaza. Mara akajikongoja hadi kwenye kichaka ambacho sokwe hawana mazoea ya kukila. Akavunja chipukizi. Akatupa majani, akamenya gome kwa meno, akabaki na ule moyo laini wa ndani. Akautafuna, akafyonza maji yake, makapi akayatema.

Huffman akauliza huo ni mti gani. Mohamedi akamweleza kwamba ni mjonso, na Watongwe nao huutumia kwa minyoo, kuhara na tumbo kuvurugika. Mjonso ndio huu mtugutu wetu. Kesho yake Chausiku alikuwa amerudia chakula chake.

Makala yao ya mwaka 1989 ina majina yote mawili, na Huffman nampongeza kwa hilo. Ila wanaoisimulia habari hii mara nyingi humtaja mgeni, wakamsahau Mtongwe aliyekuwa akiujua mti. Ndiyo maana mimi nimeanza na Mohamedi.

Mwaka 1991 walimkuta sokwe mwingine jike akifanya vilevile, na safari hii wakapata kinyesi chake cha kabla na cha baada. Kabla, kila gramu ilikuwa na mayai 130 ya minyoo ya utumbo. Saa 20 baadaye, 15. Tena sokwe hawa huufuata mti huu zaidi wakati wa mvua, msimu ambao minyoo hiyo huongezeka.

Lakini mbona alitupa majani? Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Wakemia walipoupima mti, walikuta majani yana kitu kinaitwa vernodalini kwa wingi. Kikauwa panya wa maabara. Kwenye moyo wa shina kuna vitu vingine vichungu, vya upole zaidi, navyo vina nguvu dhidi ya vimelea. Chausiku alichukua dawa, sumu akaiacha chini.

Mtasema, mbona bibi yako alitumia majani? Kweli. Lakini machanga, kwenye maji mengi, kikombe kidogo, siku mbili. Wanaijeria hupika supu ya majani haya, na kabla ya kupika huyafikicha na kuyaosha, wanamwaga maji na kurudia, mpaka uchungu upungue. Kameruni hufanya hivyo kwa chakula chao cha ndolé.

Sasa sikieni ya hapa nyumbani. Mzee mmoja, mgonjwa wa kisukari, aliuziwa stendi chupa ya lita moja na nusu ya maji ya mtugutu, akaambiwa amalize yote. Akaimaliza, na vidonge vyake vya hospitali akameza kama kawaida. Waliponiletea alikuwa ametota jasho, anaongea yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Tulimtundikia dripu ya glukosi, akarudiwa na akili baada ya muda, na neno lake la kwanza lilikuwa kuulizia chupa yake.

Majani haya hushusha sukari, wanyama wa maabara wameonyesha hivyo. Ukiyaongeza juu ya kidonge, umemeza dozi mbili. Aliyemuuzia mzee yule alikuwa na mti, kipimo hakuwa nacho. Tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na baraza lake linasajili waganga. Muulizeni muuzaji usajili wake. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Na homa ya mtoto msiichezee. Kipimo cha malaria ni tone la damu na dakika 15 au 20 za kusubiri. Mtugutu hauwezi kukwambia kama ni malaria.

Kuna mama pale ameuliza bibi aliweka majani mangapi. Alikuwa akipima kwa kiganja, mama, na kiganja chake kilikuwa kidogo. Mjomba wangu, fundi mwashi, alijaribu siku moja kupima kwa chake. Alishinda chooni mpaka jioni.

Tawi langu limefika wapi? Haya, lirudisheni. Naona majani mmeyamaliza, mmeniachia kijiti. Ndaga fijo.